Mzigo Mmoja, Vitabu Viwili: Tathmini ya UN Comtrade kwa Anayelinganisha Biashara ya Mbao Ngumu kati ya Tanzania na China

UN Comtrade ni hifadhidata ya biashara ya bidhaa duniani inayotunzwa na Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, na mtu yeyote anayeuliza ni mbao ngumu za thamani gani zimetoka nchi moja kwenda nyingine huelekezwa huko kabla ya kwingine kote. Tathmini hii inaipima kwa swali hilo moja na kwa jozi moja ya nchi, yaani Tanzania inayouza na China inayonunua. Jozi hiyo si kubwa kuliko nyingine katika biashara ya mbao duniani. Nimeichagua kwa sababu historia yake inaonyesha vizuri kile ambacho huduma hii inaweza kukifanya, na pia mahali ambapo mtumiaji asiye mwangalifu anaweza kupotea.

Niseme mapema ninavyoiona. Kwa kazi ya kulinganisha thamani ya biashara ya mbao ngumu baina ya nchi mbili, sijaona huduma ya bure inayoizidi, na sababu yangu kubwa ni jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kasoro: Comtrade haipatanishi. Nchi inayouza ikisema imeuza kiasi fulani, na inayonunua ikisema imepokea mara tatu ya kiasi hicho, kauli zote mbili zinawekwa mezani jinsi zilivyoletwa, na msomaji anaachiwa kazi ya kuamua.

Kuhusu upatikanaji sina mengi. Takwimu za zamani zaidi zinaanzia mwaka 1962, na nchi na maeneo yanayoripoti yanakaribia 200. Mgeni asiyejisajili huonyeshwa hadi safu 500 kwa swali moja, na aliyejisajili bila malipo huweza kupakua hadi safu 100,000 kwa mara moja, kiasi kinachomtosha mtafiti wa mbao na kubaki. Usajili wa kulipia ni wa taasisi zinazotaka kupakua hifadhidata kwa wingi. Ukurasa wa kuulizia hauna Kiswahili, na umepangwa kana kwamba kila anayeufungua anaijua tayari misimbo ya forodha. Suala la misimbo nitalirudia, maana hapo ndipo mbao ngumu hasa zinapopotea.

Tuanze na namna swali linavyoulizwa. Mtumiaji huchagua nchi inayoripoti, nchi mshirika, mwaka, msimbo wa bidhaa, na upande wa biashara, yaani mauzo ya nje au uagizaji. Wengi huiweka Tanzania kuwa mwenye kuripoti na China kuwa mshirika, wakachagua mauzo ya nje, wakanakili namba na kuondoka. Huko ni kuamua shauri kwa kumsikiliza shahidi mmoja. Swali lile lile linapaswa kuulizwa mara ya pili likiwa limegeuzwa: China iripoti, Tanzania iwe mshirika, na upande uwe uagizaji. Mzigo ni ule ule na meli ni ile ile, lakini ofisi ya forodha ni nyingine na karatasi ni nyingine. Wanatakwimu huziita takwimu hizo za upande wa pili takwimu za kioo.

Faida ya kioo hiki ilithibitika zamani. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 katika mto Rufiji, misitu ya kusini iliyokuwa mbali na soko ikawa karibu na bandari ya Dar es Salaam, na uvunaji wa miti ya asili katika wilaya kama Rufiji na Kilwa ukapamba moto. Utafiti wa TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, uliotolewa mwaka 2007 kuhusu wimbi hilo uliziweka kumbukumbu za pande mbili sambamba, ukakuta kwamba mbao ambazo China iliziandika kuwa zimetoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliziandika kuwa zimekwenda China. Utafiti huo ulikadiria pia kwamba mapato ya misitu yaliyokuwa yakipotea serikalini yalifikia hadi asilimia 96 ya yale yaliyostahili kukusanywa. Mtu aliyeusoma upande wa Tanzania peke yake miaka ile angeandika kwa moyo mweupe kabisa kwamba China ni mnunuzi mdogo wa mbao zetu. Mbinu hiyo hiyo ilitumika kwa Msumbiji, ambako shirika la Environmental Investigation Agency lilieleza mwaka 2013 kwamba karibu nusu ya mbao zilizoingia China kutoka huko mwaka 2012 zilikuwa zimetoka nchini kinyume cha sheria.

Hata hivyo pengo peke yake si ushahidi wa wizi, na hapa ndipo walinganishaji wengi wanapoteleza. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba pande mbili hazipimi kitu kimoja. Mauzo ya nje huandikwa kwa thamani ya FOB, yaani mzigo ukiwa umeshapakiwa melini katika bandari ya kuondokea, ilhali uagizaji huandikwa kwa kawaida kwa CIF, ambayo inaongeza bima na nauli ya baharini. Kwa bidhaa nyepesi ya bei kubwa nauli hiyo ni kitu kidogo, lakini mbao ni mzigo mzito unaokula nafasi, na gogo bichi linasafiri na maji yake pamoja na sehemu zitakazotupwa kiwandani. Tofauti ya asilimia 10 hadi 20 kati ya kitabu cha muuzaji na cha mnunuzi haipaswi kumshtua mtu yeyote, na kwa magogo ya bei ya chini inaweza kuwa zaidi ya hapo bila hila yoyote kufanyika.

Muda nao una mchango wake. Kontena lililoondoka Dar es Salaam katikati ya Desemba huandikwa Tanzania mwaka huu na China mwaka ujao, na biashara ikiwa ndogo, makontena machache tu ya mwisho wa mwaka yanatosha kuifanya miaka miwili ionekane kama ya nchi mbili tofauti. Kwa hiyo mimi sisomi mwaka mmoja mmoja. Nachukua wastani wa miaka mitatu, na pengo linalobaki baada ya hapo ndilo ninalolipa uzito.

Njia ya mzigo ni tatizo gumu zaidi. Mnunuzi huandika nchi ambako mbao zilivunwa, na muuzaji huandika mwisho wa safari kwa kadiri anavyoujua siku ya kupakia. Mbao ambazo hati yake inasema zinakwenda Hong Kong au Vietnam zitakosekana katika safu ya China upande wa Tanzania, hata kama hatimaye zinashushwa China bara. Hong Kong, kwa taarifa ya asiyejua, ina safu yake peke yake katika Comtrade, na aliyeisahau ataliona pengo lililotengenezwa na jedwali lake mwenyewe. Kwa upande mwingine, bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwamo mbao ngumu. Mzigo huo wa kupita haustahili kuhesabiwa katika mauzo ya Tanzania, lakini hati zikichanganywa njiani, China inaweza kuuandika kwa jina la bandari badala ya jina la msitu. Pengo la namna hiyo ni kweli lina kosa ndani yake, ila kosa lenyewe si lile ambalo mtu alikuwa akilitafuta.

Ndiyo maana nasisitiza kusoma thamani na kiasi kwa pamoja, na kwa hili Comtrade inanipa nilichohitaji, kwa kuwa huonyesha dola na kilo katika safu moja. Kiasi kikikaribiana pande zote mbili na thamani ikaachana mno kuliko nauli inavyoweza kueleza, dalili ni ya bei iliyopunguzwa kwenye ankara ya upande mmoja. Kiasi chenyewe kikiachana, basi ama kuna mzigo ambao haukuandikwa, ama umepewa msimbo mwingine, ama umepita kwa jina la nchi nyingine. Hapo inafaa kujiuliza pia ni nani anayefaidika na uongo, na kwa upande gani. Magogo na mbao zilizopasuliwa zimekuwa zikiingia China bila ushuru wa forodha kwa miaka mingi, ingawa kodi ya ongezeko la thamani hutozwa, ilhali upande wa Tanzania kuna mrabaha, tozo na vibali, na kuna aina za mazao ambazo kusafirishwa zikiwa magogo kumepigwa marufuku. Mfanyabiashara ana sababu nyingi zaidi za kupunguza namba akiwa Dar es Salaam kuliko akiwa Zhangjiagang, bandari ya China inayopokea mbao. Kwa jozi hii, kwa hiyo, mimi hukiamini zaidi kitabu cha mnunuzi, na kwa jozi nyingine ningeanza upya kufikiri.

Kuna jozi moja ambayo haifai kabisa kutumiwa kupimia ubora wa takwimu hizi, nayo ni Kanada na Marekani. Vitabu vyao hukubaliana vizuri mno, na mtu anaweza kudhani amepata mfano wa uaminifu kamili. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1990 nchi hizo hubadilishana takwimu, kila moja ikichukua kumbukumbu za uagizaji za mwenzake na kuzifanya kumbukumbu zake za mauzo. Shahidi ni mmoja amevaa kofia mbili.

Sasa nirudi kwenye misimbo. Comtrade inatumia Mfumo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, wenye tarakimu 6 zinazofanana duniani kote. Mbao zimo katika sura ya 44: magogo yako 4403, mbao zilizopasuliwa 4407, maganda membamba ya mbao 4408 na plaiwudi 4412. Hakuna mahali palipoandikwa mbao ngumu kwa maana ya fundi seremala. Mgawanyo uliopo ni wa kimimea, miti ya jamii ya misonobari upande mmoja na miti ya majani mapana upande wa pili, na ya majani mapana ndiyo inayohesabiwa kuwa ngumu. Kwa mgawanyo huo balsa, inayokatika kwa kisu cha mfukoni, ni mbao ngumu. Mkaratusi wa nguzo za umeme nao ni mbao ngumu, hivyo anayejumlisha safu zote zisizo za misonobari akaziita mbao ngumu za Tanzania amewachanganya mninga wa miombo na mkaratusi wa shambani katika kapu moja.

Ukitafuta mti kwa jina, bahati inategemea mti wenyewe. Mvule una msimbo wake, 4407.28, kwa jina la iroko unalojulikana nalo Afrika Magharibi. Msaji ulipata wake katika toleo la HS la mwaka 2022, yaani 4407.23 kwa mbao na 4403.42 kwa magogo; kabla ya hapo ulikuwa umefichwa katika miti mingine ya kitropiki. Jambo hili si dogo. China ilianza kutumia toleo hilo Januari 2022 na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, kwa hiyo safu ya 4407.29, ambayo ni kikapu cha miti mingine ya kitropiki, inaweza kuporomoka ghafla kwa sababu tu misaji imehamia kwenye msimbo wake mpya, bila ubao hata mmoja kupungua bandarini. Kwa nchi inayouza misaji ya mashamba ya Longuza, Mtibwa na Bonde la Kilombero, ambayo hununuliwa sana na India, kuruka huko kwa grafu kunaweza kuzaa habari ya gazeti isiyo na ukweli. Dawa ni kuiambia Comtrade irudishe takwimu zote katika toleo la zamani, kwa mfano la mwaka 2012 linaloandikwa H4. Unapoteza undani lakini mfululizo wa miaka unabaki mzima.

Mninga, mkongo, mpangapanga na mpingo havina msimbo wa tarakimu 6. Vyote vinaingia katika vikapu vya mwisho, 4407.29 au 4407.99, kulingana na kama afisa aliyeandika aliuona mti huo kuwa wa kitropiki kwa maana ya mfumo au la. Afisa wa Dar es Salaam na afisa wa Shanghai si lazima waone sawasawa, na anayeuliza msimbo mmoja tu anaweza kuliona pengo kubwa ambalo lingezibika kwa kuongeza msimbo wa pili. Mpingo una visa zaidi, maana vipande vilivyokwisha kuchongwa kwa ajili ya klarineti na obo vinaweza kuhama kabisa kutoka sura ya 44 na kuandikwa 9209, pamoja na sehemu za ala za muziki. Kinachonisikitisha ni kwamba jina la mti linajulikana tangu mwanzo. Leseni ya uvunaji na hati ya kusafirishia mazao ya misitu vyote vinalitaja. Linapotea pale mzigo unapofika kwenye kompyuta ya forodha na kugeuka kuwa tarakimu 6, na Comtrade haiwezi kurudisha ambacho hakikuletwa.

Onyo jingine linahusu uzito. Nchi isipoleta kiasi, Comtrade hukikadiria, na safu hiyo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba ni makadirio. Ukadiriaji wenyewe hutumia bei za wastani za bidhaa husika. Fikiria maana yake: mtu anagawa thamani kwa kilo ili apate bei ya mbao za nchi fulani, kumbe zile kilo zimepatikana kwa kugawa thamani kwa bei ya wastani. Jibu atakalopata ni ile bei ya wastani, ikiwa imevaa nguo mpya. Safu zenye alama hiyo mimi huziondoa kabisa katika hesabu ya bei, ingawa naziacha katika hesabu ya thamani. Na aliyezoea mita za ujazo akumbuke kwamba ubao mmoja si sawa na gogo moja: mita moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa inahitaji karibu mita 2 za ujazo za gogo, hivyo kulinganisha nchi inayouza magogo na ile inayouza mbao bila kurekebisha hilo ni kuidhulumu moja kati ya hizo.

Washindani wapo. FAOSTAT ya Shirika la Chakula na Kilimo ina takwimu za misitu tangu mwaka 1961, zikiwa katika mita za ujazo na zikitenganisha kwa uwazi miti ya majani mapana. Kwa jumla ya nchi moja ni nyepesi kuisoma, na ina uzalishaji ambao Comtrade haina. Kwa biashara ya nchi mbili inaanzia mwaka 1997, na makundi yake ya bidhaa ni mapana mno kwa swali langu. ITTO, shirika la kimataifa la mbao za kitropiki lililoko Yokohama, hutoa ripoti ya soko la mbao za kitropiki mara mbili kwa mwezi, na kwa bei za sasa za aina za miti ndiyo ninayoipendelea, lakini ni ripoti ya kusoma zaidi kuliko hifadhidata ya kuuliza. BACI, hifadhidata ya kituo cha utafiti wa uchumi cha CEPII cha Paris, huchukua takwimu za Comtrade, huondoa makadirio ya nauli, hupima uaminifu wa kila nchi na kutoa namba moja iliyopatanishwa. Mchumi anayetengeneza modeli ya dunia nzima atafurahi nayo. Anayefuatilia mbao za Tanzania na China atakuwa ameondolewa jambo lile lile alilokuja kulitafuta, kwa sababu pengo limekwisha kusawazishwa kabla hajaliona.

Mwenzi halisi wa Comtrade kwa mbao zetu ni hifadhidata ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, inayotunzwa na UNEP-WCMC, kituo cha uhifadhi cha Umoja wa Mataifa huko Cambridge. Mpingo, pamoja na jamii yote ya Dalbergia, uliingia katika Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa huhitaji kibali, kikamilifu tarehe 2 Januari 2017. Mninga na mkongo iliingia baada ya mkutano wa CITES wa Panama wa mwaka 2022, pale miti yote ya jamii za Pterocarpus na Afzelia ya Afrika ilipoorodheshwa. Hifadhidata hiyo inautaja kila mti kwa jina lake la kisayansi, na nayo pia ina kauli za pande mbili, muuzaji na mnunuzi. Haina dola hata moja. Ninachofanya ni kuchukua majina na mita za ujazo kutoka CITES, na thamani za vikapu kutoka Comtrade, kisha kuziweka pamoja kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, na kwa miaka ya kabla ya 2017 haiwezekani kwa mti wowote kati ya hiyo mitatu.

Mwanafunzi, mwandishi wa habari au afisa wa misitu mwenye swali la nchi mbili na subira ya kuuliza kila swali mara mbili ataikuta Comtrade ikimlipa muda wake. Anayetaka namba moja ya kuweka kwenye slaidi kabla ya mkutano wa saa nne asubuhi achukue BACI, na chini ya namba hiyo aandike kwamba imepatanishwa.